Kabari Iko Upande wa Kaskazini

Babu Onufri alimwaga zege.
Hiyo ndiyo habari yote ya ua wetu,
wala sitaki kumsema vibaya marehemu,
lakini aliimwaga kama mtu anayelipa deni:
ndoo tatu kila shimo, nguzo sitini na mbili,
kutoka barabara ya changarawe hadi bwawa la akina Hritsaki,
akajifuta mikono, akasema:
"Hizi hazing'oki hadi kiama."

Kweli hazing'oki.
Zimeoza tu.
Zimeoza pale zinapoozea nguzo zote,
kidole kimoja juu ya udongo, kimoja chini,
pale upepo na unyevu vinapokutana kusengenya,
mti ukawa laini kama mkate uliochovywa chai.
Na kila Aprili, barafu ikilegea,
ardhi ya Saskachewani hulisukuma juu lile zege
kama fizi inayolikataa jino.

Majuto ni mjukuu.
Mjukuu ndiye mimi,
mwenye mtaimbo, mnyororo, jeki ya trekta
na mgongo wa miaka hamsini na minne.

Nguzo ya kumi na tisa ilinichukua siku nzima.
Nilichimba pembeni, nikafunga mnyororo, nikapiga jeki
mpaka likatoka bonge zito kama ndama mfu,
na ubavuni mwake, mpini nje, kichwa ndani,
upawa.

Upawa wa bibi. Wa bluu, wenye madoa meupe,
wa kupakulia supu ya bitiruti,
uliopotea kiangazi cha mwaka wa nzige,
ambao baba mdogo Tarasi alichapwa kwa ajili yake
mara mbili: kwanza kwa kuupoteza,
pili kwa kukana.

Nikampigia simu Winipegi, kwenye nyumba ya wazee.
Nikamwambia, babu aliukorogea zege.
Kimya. Televisheni ya mtu mwingine ikicheka.
Kisha: "Na alikuwepo mezani," akasema.
"Alikuwa ameketi pale, anakata mkate,
wakati mama anatafuta fimbo."

Sasa mimi nafanya hivi.
Shimo lipite pale baridi inapofika,
nikisimama ndani, kofia yangu tu ionekane.
Kokoto chini, maji yapate pa kwendea.
Halafu bomba la chuma, lisimame kwa pimamaji,
na zege, ndiyo, zege, lakini nje ya bomba.
Nguzo ndani yake. Nguzo na zege zisigusane kabisa,
ziishi kama wakwe: karibu, kwa adabu,
na uwazi wa kidole katikati.
Kabari moja ya mti mgumu huikaza nguzo isiyumbe.
Seng'enge siipigilii misumari.
Naifunga kwa waya laini, mizunguko mitatu,
anayekuja aifungue kwa koleo bila kuvua glavu,
maana nguzo huchagua kuvunjika Januari.

Merlini Feri, jirani, alisimamisha gari lake.
"Unajenga ua wa kung'olewa?"
Nikamwambia, najenga ua wa kuoza, Merlini.
Wote ni wa kuoza. Tofauti ni nani atakayetukanwa.
Akacheka, akaondoka. Kesho yake
alirudi kupima kipenyo cha bomba.

Sina mtoto anayelitaka shamba hili.
Atakayekuja atalipata kwa mnada, pengine,
jina langu atalisoma kwenye hati na kulisahau mlangoni,
na siku nguzo ya kwanza itakapolegea
sitakuwepo kumwonyesha.
Nimeutoa ule upawa kwa nyundo, umepinda;
nautumia kuteka maji ya mvua kwenye mabomba matupu.
Nimeutundika ndani ya banda, kwenye msumari,
na chini yake nimeandika kwa rangi ya trekta,
herufi kubwa, bila salamu:

KABARI IKO UPANDE WA KASKAZINI.
GONGA KUTOKA CHINI.
DAKIKA KUMI.